Laptopu kubwa ya inchi 17, kompyuta ya mezani, au laptopu ndogo yenye skrini ya pembeni: ipi ikae ofisini kwako?

Tarehe 15 ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka ritani ya VAT ya mwezi uliotangulia, na siku hiyo ofisini kwetu Kampala hakuna anayepiga soga. Sisi ni mawakala wa forodha, karatasi hazituishi. Siku moja kama hiyo, saa tisa alasiri, umeme ulikatika. Dada anayeshika vitabu vyetu alikuwa kwenye kompyuta ya mezani. UPS, kisanduku cha betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika, ililia mara mbili ikanyamaza, na skrini ikawa nyeusi. Betri yake ilikuwa imekufa zamani bila yeyote kujua, na ankara alizokuwa ameingiza tangu chakula cha mchana bila kuhifadhi zikapotea zote. Mimi nilikuwa meza ya pili na laptopu ya inchi 17. Mwanga wa skrini ulipungua kidogo tu, nikaendelea kuandika. Ila sikuweza kutuma chochote, maana ruta nayo ilikuwa imezimika.

Tangu hapo majirani wengi huniuliza wanunue ipi, na wengi wao tayari wameitamani laptopu kubwa, ile inayouzwa kama mbadala wa kompyuta ya mezani. Ni mashine nzuri na ninaitumia. Lakini nimeona watu wawili wakijuta kuinunua na mmoja akijuta kutoinunua, na wote watatu walikosea mahali pamoja: walianza na ukubwa wa skrini.

Cha kupima kabla ya kuingia dukani

Swali la kwanza ni mashine itatoka mezani mara ngapi kwa wiki. Chukua daftari, andika kwa wiki mbili, usikisie. La pili ni nini kitakachokuvusha umeme ukikatika. Hayo mawili kwangu yana uzito kuliko yote. Baada yake ndipo zije saa ambazo macho yako yatakaa kwenye skrini, uzito wa kazi yenyewe, fundi na vipuri, hatari ya wizi, na mwisho gharama, ikihesabiwa pamoja na vyote utakavyolazimika kununua pembeni.

Ninazolinganisha ni tatu. Laptopu kubwa: inchi 17.3, zile za kazi nzito kama Lenovo ThinkPad P17, HP ZBook Fury 17 au Dell Precision 7760. Kompyuta ya mezani yenye skrini ya inchi 24 na UPS. Na laptopu ndogo ya inchi 14 ambayo ofisini inaunganishwa na skrini hiyo hiyo ya inchi 24, pamoja na kibodi na kipanya.

Safari

ThinkPad P17 inaanzia kilo 3.5, na chaja yake ya wati 230 ni tofali linalokaribia kilo moja. Weka na daftari na chupa ya maji, umefika kilo tano. Kuupandisha mzigo huo kutoka Old Taxi Park hadi Kampala Road kila asubuhi si sawa na kuubeba mara moja. Nilifanya hivyo miezi mitano, bega la kushoto likaniambia niache. Begi nalo ni tatizo, kwa sababu mabegi mengi yanayouzwa mjini yameshonewa inchi 15.6, na zipu haifungi.

Siku hizi yangu inahama mara moja au mbili kwa wiki, na siku ninazokwenda Malaba kukaa na mizigo. Hapo ndipo nilipoielewa. Mashine hii ni ofisi nzima inayoweza kuhamishwa. Nikifika mpakani, zaidi ya kilomita 200 kutoka Kampala, nafungua ofisi ile ile: skrini ile ile, kibodi yenye safu ya namba upande wa kulia, mafaili yote. Sihitaji kutafuta kitu kingine.

Kompyuta ya mezani haiendi popote, na hilo lisihesabiwe kuwa kasoro tu. Kazi inabaki ofisini, na asubuhi yeyote mwenye ruhusa anaikuta mahali pake, hata kama bosi yuko safarini.

Laptopu ndogo ina kilo 1.3 hadi 1.6, chaja yake inaingia mfukoni mwa koti, na kwenye boda unaiweka tumboni ndani ya begi na kuisahau. Bei ya wepesi huo utailipa ukifika: skrini kubwa umeiacha Kampala, na jedwali lenye safu kumi na mbili unalisomea kwenye inchi 14.

Umeme ukikatika

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo watu wanapodanganywa na maneno ya dukani.

UPS ndogo ya kawaida ya 650 VA ndani yake mara nyingi ina betri moja ya risasi, volti 12 na Ah 7. Zidisha: Wh (wati-saa) 84, na hizo ni za kwenye karatasi. Sehemu inapotea katika kubadilisha umeme, na betri ya risasi ikinyonywa haraka hutoa kidogo zaidi. Kompyuta ya mezani ya ofisi na skrini yake hula takriban wati 80. UPS ikiwa mpya utapata kama robo saa hadi nusu saa, muda wa kumaliza sentensi, kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Ikifika miaka miwili au mitatu, huenda usipate hata dakika mbili. Betri yenyewe hubadilishwa bila kununua UPS nyingine, ila lazima mtu akumbuke.

Laptopu kubwa imebeba betri ya Wh 94 au 95. Ni kubwa kuliko ile ya UPS, na watengenezaji huishia hapo kwa makusudi, kwa kuwa mashirika ya ndege huruhusu betri isiyozidi Wh 100 bila kibali maalumu. Ukiandika barua na kujaza majedwali, mashine inakula kama wati 20, na betri mpya itakusogeza saa nne au zaidi. Lakini usiamini kwamba itafanya kila kitu kwa muda huo. Ukianza kuchakata video au kuchora jengo kwa vipimo vitatu, saa moja itakutosha kuimaliza, na mashine nyingi za aina hii hupunguza kasi zenyewe zinapotoka kwenye soketi.

Laptopu ndogo ina betri ya Wh 50 hadi 60, nayo hula wati nane hadi kumi kwa kazi za ofisi. Kwa muda, inalingana na ile kubwa au kuipita. Tatizo ni skrini ya pembeni, ambayo huzimika papo hapo. Suluhisho nililoliona likifanya kazi vizuri ni kuchomeka skrini na ruta kwenye ile UPS ndogo. Viwili hivyo pamoja ni kama wati 30, na UPS nzima itavivusha zaidi ya saa moja.

Ruta ndiyo watu wanayoisahau. Laptopu yenye chaji kamili haitakusaidia kutoa ankara kwenye tovuti ya EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, ikiwa waifai imekufa. Ukichagua laptopu yoyote kati ya hizi mbili, nunua na UPS ndogo ya ruta, zile za volti 12, au weka bando la dharura kwenye simu.

Wenye inveta na sola wasome hapa mara mbili. Chaja ya wati 230 au 240 ikichomekwa kwenye inveta ya wati 300 ambayo tayari imebeba taa, simu na ruta, inveta inaweza kuzidiwa na kujizima. Chaja ya wati 65 ya laptopu ndogo haileti shida hiyo. Na kwa mita ya Yaka, ile ya kulipia umeme kabla, hesabu ni rahisi: saa tisa kwa siku, siku 26 kwa mwezi, kompyuta ya mezani ya wati 80 inakula kama yuniti 19. Laptopu kubwa kwa kazi nyepesi ikiwa kwenye soketi, ambako haibani umeme kama ikiwa kwenye betri, tuseme wati 40, ni yuniti 9. Laptopu ndogo na skrini yake ni karibu 8. Zidisha kwa bei ya yuniti unayolipa wewe.

Skrini na macho

Skrini ya inchi 17.3 ina upana wa sentimita 38 na kimo cha sentimita 21.5. Ya inchi 14 ni sentimita 31 kwa 17.4. Kwa eneo, kubwa inaizidi ndogo kwa nusu. Hapo kuna mtego mmoja. Zote mbili zikiwa na nukta 1920 kwa 1080, na mipangilio ikiwa sawa, zinaonyesha idadi ile ile ya mistari ya jedwali. Kwenye kubwa herufi zimekuwa kubwa, mistari haijaongezeka. Kwa mtu wa miaka hamsini anayesoma hati za forodha siku nzima hiyo ni nafuu kubwa, wala asione aibu kuilipia. Anayetaka mistari mingi zaidi atafute laptopu kubwa yenye nukta nyingi zaidi ya hizo, au achukue skrini ya nje.

Maana inchi 24 ni sentimita 53 kwa 30, karibu mara mbili ya eneo la inchi 17.3. Na inasimama usawa wa macho. Laptopu, iwe kubwa iwe ndogo, inakuinamisha shingo, na ukiiinua juu ya vitabu itakubidi ununue kibodi nyingine. Kwa hiyo anayekaa meza moja saa nane kila siku, shingo yake itashukuru zaidi kompyuta ya mezani au ndogo yenye skrini ya pembeni.

Uzito wa kazi

QuickBooks, Excel, EFRIS, ASYCUDA (mfumo wa forodha), barua pepe: zote tatu zinafanya hayo bila kutoka jasho, mradi kuna RAM ya GB 16 na diski ya SSD. Anayekuambia unahitaji kadi kubwa ya grafiki kwa uhasibu anataka kukuuzia.

Wasanifu wa majengo, wapima ardhi, watu wa video za harusi, na wale wa Nasser Road, mtaa wa wachapaji, wanaopanga mabango makubwa, hao wana hoja tofauti. Angalia herufi za mwisho za jina la prosesa ya Intel: U ni ya kuokoa umeme, H na HX ni za kazi nzito. Laptopu mbili zinaweza kuandikwa i7 zote na zisikaribiane. Laptopu kubwa ina nafasi ya feni kubwa, kwa hiyo inashikilia kasi muda mrefu kuliko ndogo, ambayo huanza kwa nguvu halafu joto likaipunguza. P17 ina nafasi nne za RAM, inafika GB 128. Hata hivyo kwa fedha ile ile kompyuta ya mezani inakupa nguvu zaidi, na inapiga kelele kidogo.

Fundi, vipuri na chaja

Kompyuta ya mezani hapa inashinda waziwazi. Kila fundi mjini anaifungua kwa bisibisi ya kawaida, na kifaa kibovu hubadilishwa peke yake. Kibodi ikimwagikiwa chai unanunua kibodi. Laptopu ndogo nyingi za siku hizi RAM yake imechomelewa kwenye bodi, hivyo utakayonunua siku ya kwanza ndiyo utakayokufa nayo. Kubwa iko katikati: inafunguka vizuri, RAM na diski zinabadilika, lakini skrini, kibodi na feni zake si za kupatikana kila duka, kwa sababu wanaozitumia ni wachache.

Chaja ndiyo iliyonifunza mimi. Laptopu yangu kubwa ya kwanza ilikuwa iliyotumika, na muuzaji alinipa chaja ya wati 130 iliyoingia vizuri kwenye tundu. Mashine ilitaka 240. Iliwaka, nikalipa, nikaondoka nafurahi. Nyumbani nikaona mambo ya ajabu: imechomekwa na bado asilimia za betri zinashuka, 80, 74, 69, na jedwali la kawaida linafunguka kwa kusuasua. Mashine hizi huitambua chaja, na zikiona ndogo hujifunga kasi. Nilihangaika wiki tatu kupata chaja halisi, na gharama yake iliniuma. Laptopu ndogo inayochaji kwa USB-C haina habari hiyo, chaja yoyote nzuri ya wati 65 inatosha, na utaazimwa hata na mgeni.

Kwa hiyo ukinunua laptopu kubwa iliyotumika, geuza chaja usome wati zake kwa macho yako. Kisha fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, na ufungue ripoti inayotoka. Kuna namba mbili, uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wake sasa. Ukikuta 94,000 na 41,000, zaidi ya nusu ya betri imekwenda, na bei nayo ishuke. Angalia pia kizazi cha prosesa. Microsoft ilisitisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida inataka Intel kizazi cha 8 kwenda juu. Kwa laptopu kubwa maana yake ni za 2018 na baadaye: ThinkPad P72, ZBook 17 G5, Precision 7730. Za mwaka kabla ya hapo bei yake inavutia kwa sababu hiyo.

Na vumbi. Feni za laptopu kubwa hunyonya hewa nyingi, na vumbi jekundu letu huziba mapezi ya shaba ndani. Isafishwe kila miezi sita, la sivyo kasi uliyoilipia itakwenda na joto.

Wizi

Laptopu ndogo inaibiwa mtaani na kwenye foleni kupitia dirisha la gari. Ya mezani inaibiwa usiku kwa kuvunja mlango. Kubwa inaweza kukupata kwa njia zote mbili, ingawa si rahisi kukwapuliwa. Zote tatu zifungwe kwa BitLocker, kifuli cha Windows kinachoficha yaliyomo kwenye diski, na ziwe na nakala ya mafaili mahali pengine. Ofisi inayotunza vitambulisho na simu za wateja ina wajibu wa kuvilinda chini ya sheria ya faragha ya mwaka 2019, na mashine ikiibwa bila kufungwa, taarifa za wateja zimekwenda nayo.

Gharama

Linganisha jumla, si bei ya ubaoni. Ya mezani: boksi, skrini, kibodi, UPS, na betri ya UPS kila miaka miwili au mitatu. Ndogo: laptopu, skrini, kibodi, kipanya, UPS ya ruta. Kubwa: laptopu, begi linalotosha, UPS ya ruta, chaja ya akiba ikipatikana. Zikiwa mpya, kubwa ndiyo ghali kupita zote. Zikiwa zilizotumika, pengo hupungua sana, kwa kuwa wengi huikimbia kwa uzito wake, na mnunuzi mwenye subira hupata mashine ya nguvu kwa bei ya kiasi.

Kwa hali yako

Kama mashine haitoki mezani, au inatumiwa na watu wawili kwa zamu, kompyuta ya mezani inatosha, mradi UPS iangaliwe kama unavyoangalia mafuta ya gari. Ofisi ya wahasibu, duka la jumla Kikuubo, shule: kwao ndiyo ya kwanza kuifikiria.

Kama unatoka kila siku, unaonana na wateja, unapanda boda na teksi, halafu unarudi mezani jioni, ndogo na skrini ya pembeni ndiyo itakayokupunguzia shida. Hata mwenye sola ndogo nyumbani atapumua.

Kama unahama mara moja mbili kwa wiki, kazi yako ni nzito au macho yako yanataka herufi kubwa, na unakofika hakuna skrini inayokusubiri, laptopu kubwa ndiyo inayolingana na maisha yako. Mhandisi anayekaa eneo la ujenzi Hoima wiki nzima, mpiga video anayehariri hotelini, wakala anayegawanya mwezi kati ya Kampala na Mutukula. Wenye gari wataifurahia zaidi kuliko sisi wa miguu.

Na kama kazi yako ni nzito na pia unatoka kila siku, usilazimishe mashine moja. Kompyuta ya mezani yenye nguvu ofisini na laptopu ndogo ya bei nafuu mkononi, mara nyingi zote mbili kwa pamoja hazizidi bei ya laptopu kubwa mpya.

Dada yetu wa vitabu alipewa nafasi ya kuchagua upya. Alijaribu laptopu yangu siku mbili, akairudisha, akasema anataka skrini yake ya inchi 24 na kiti chake. Tulibadilisha betri ya UPS, tukanunua na ya ruta, na ubavuni mwa UPS ameandika kwa kalamu nene tarehe betri ilipowekwa.